Karanga za Isangi na Hadithi ya Kiti

Niliporudi kutoka Banalia nilikuta nafasi yangu imekaliwa. Sisemi nafasi ya kazi, maana kazi yangu haina nafasi: ninasindikiza mizigo ya watu kwenye malori na maboti, leo huku, kesho kule, na hapa Kisangani hata wanaojua jina langu wananiita convoyeur. Ninasema lile benchi fupi karibu na dirisha la fundi cherehani, katikati ya mtaa wa Makiso, ambapo Jumamosi alasiri sisi wachache hukutana kusomeana hadithi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na lori letu lilikwama ng'ambo ya mto Aruwimi likingoja kivuko kitengenezwe. Nilipoingia kwa fundi nikiwa bado na matope kwenye viatu, juu ya benchi langu alikaa mwanamke mpana, mwenye rozari shingoni na miwani puani, kana kwamba alizaliwa pale.

"Karibu, mwanangu," fundi aliniambia bila kutoa pini mdomoni. "Kaa hapo juu ya mfuko wa mabaki. Mama huyu ana mgongo."

Mimi pia nilikuwa na mgongo, tena mgongo uliotoka kwenye lori. Nilikaa juu ya mabaki ya vitambaa.

Desturi yetu ilianzishwa na huyo fundi. Yeye ni wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji huu, ambazo mababu zao walipanda mto na misafara ya biashara, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Alituambia kwamba muuza kitambaa anayejua kazi hamwambii mteja kitambaa ni kizuri. Anamwonyesha kipande, ananyamaza. Basi kwetu anayeleta hadithi husoma ukurasa wa kwanza tu. Hasifu, haelezi, hasemi "ngojeni mbele itawaka." Akifika chini ya ukurasa anaulaza uso chini juu ya meza ya kukatia nguo, na anangoja. Anayetaka kujua yanayofuata husema "naomba," kisha anaondoka na karatasi zote hadi Jumamosi nyingine. Waombaji wakiwa wengi, fundi ndiye anayechagua. Asipopatikana hata mmoja, unarudi nyumbani na hadithi yako kwapani, na njia siku hiyo huwa ndefu. Sharti lingine ni moja: mwandishi asiwe mtu wa vitabu vya shule. Awe mtu ambaye hakuna anayemjua, mwenye hadithi moja au mbili zilizochapwa kwa mashine ya parokia, au kuandikwa kwa mkono na kutolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia.

Kwa sharti hilo, mimi nilikuwa mfalme. Mtu anayekaa mahali pamoja atawapata wapi waandishi wasiojulikana? Mimi ndiye niliyeleta hadithi ya muuguzi mmoja wa Buta, kuhusu mgonjwa anayekataa kupona kwa sababu kitanda cha jirani kina redio na ligi haijaisha. Mimi ndiye niliyeleta ya mwalimu wa Opala, ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni watu wanaongoja chumvi ifike, na chumvi haifiki, na bado huwezi kuiweka chini. Ukiipata popote, isome. Usiulize nani kaandika, hata ukiambiwa hutamjua. Kuna na ile ya binti mmoja wa Bunia aliyekuwa akiuza vocha za simu: mama anakwenda kumtembelea mwanawe aliyeoa, na wakwe wanamwandalia kila kitu isipokuwa mahali pa kukaa. Nilipoisoma ile, fundi alizima pasi yake. Kwa miaka, nikimaliza ukurasa wangu, "naomba" zilikuwa zikigongana.

Sasa yule mwanamke alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la jumla karibu na bandari: sukari, sabuni, mchele, chumvi. Nilidhani watu wa namna hiyo husoma fatura za bidhaa tu. Kumbe nilipokuwa ninakula mihogo ya Banalia nikimtukana fundi wa kivuko, yeye alikuwa amekwisha kuwatia wote mfukoni.

"Tonton, ulikosa!" aliniambia yule mwalimu wa hesabu, kijana wetu, mtu wa maneno mengi. "Mama alileta ile ya mupishi wa mapadri. Mupishi anaonja chakula kila siku, donc siku moja anaamua kuacha kuonja. Ni ile tu! Mutu anaacha kuonja! Lakini weye soma, utaona."

"Ya muuguzi niliyokupa umemaliza?"

"Bon, ile… nitamaliza."

Nilimtazama. Ile ya muuguzi alikuwa nayo tangu kiangazi. Ile ya mpishi aliishika kwa mikono miwili.

Siku hiyo nilisoma ukurasa nilioutoa Banalia, wa dereva mmoja wa pikipiki, na kusema kweli haukuwa mbaya. Ni fundi tu aliyesema "naomba," na alisema kama mtu anayemwongezea mgeni wali. Kisha mama akasoma wake, taratibu, kwa sauti ya dukani, sauti isiyobembeleza. Mwalimu aliomba kabla karatasi haijagusa meza. Fundi naye aliomba. Mimi pia niliitaka hadithi ile, niliitaka sana, na nilifunga mdomo wangu.

Njiani kurudi, juu ya kiti cha nyuma cha toleka, nilimsikia mwendesha baisikeli akisema jambo kuhusu mashimo ya barabara. Nilikuwa nikifikiria kitu kimoja. Nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya nguo zangu za safari, nilikuwa na hadithi ambayo sijawahi kumsomea mtu.

Niliipata zamani, nikiwa kijana niliyetoka kupata diploma ya sekondari, katika moja ya safari zangu za mwanzo kushuka mto kwa lile boti la mbao tunaloliita baleinière. Tulipokaribia Isangi, akina mama walitujia na pirogi zao za kupiga kasia wakiuza samaki, ndizi na karanga. Karanga zilifungwa kwenye koni za karatasi. Nilinunua koni moja, nikala, nikafungua karatasi ili niitupe, macho yangu yakaangukia maneno. Mwanamke fulani anawazuia wageni wasikae juu ya kiti kimoja ndani ya nyumba yake. Hasemi kwa nini. Anawaambia tu kwamba kiti kimechoka.

Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Kisha nikainama ukingoni nikamwita mama wa karanga.

"Mama, koni zingine ziko na karatasi kama hii?"

"Weye unakula karanga ao unakula karatasi?"

"Niuzie zote."

Alicheka mpaka pirogi ikayumba. "Mutoto huyu atahara!" aliwaambia wenzake, lakini aliniuzia. Nilizikusanya karanga ndani ya kofia yangu, nikagawia abiria, na nikabaki na karatasi. Ziliandikwa upande mmoja tu, na kila karatasi ilikuwa na kipande chake kilichotimia, kana kwamba mwandishi alikuwa mtu wa pumzi fupi. Namba za kurasa hazikuwepo. Pembe ya chini, mahali namba inapokaa, ndiyo yule mama aliyoisokota kuwa ncha ya koni, na zote zilikuwa zimekatika. Jalada halikuwepo pia. Labda mtu alikwisha kula karanga za jalada. Kwa hiyo sikujua jina la hadithi wala la mwandishi, na ilinibidi nizipange mwenyewe.

Nilizipanga kama maisha yanavyokwenda. Kwanza mwanamume anamchongea mke wake kiti: anampima kwa kamba kutoka kisigino hadi goti, mke anacheka kwamba kamba inamtekenya, na mume anamwambia, "Usicheke, kiti kitatoka kirefu." Kisha mume anaondoka na boti. Kisha barua hazifiki. Kisha wageni wanakuja, na kiti kimechoka. Na mwisho kabisa ni ukurasa ambao nimeutembeza kichwani mwangu kutoka Kindu hadi Bunia: mwanamke anatoka mchana wa jua kali, kiti juu ya kichwa, miguu yake minne ikielekea mbinguni, anapita katikati ya soko, watu wanamwita wamuulize bei, na yeye anajibu, "Hakiuzwi. Ninakitembeza tu."

Pale ndipo ilipoishia. Sijui ni mara ngapi, katika vyumba vya kupanga vya miji ya watu, nimejiambia maneno hayo ili nilale. Mtu akiniuliza kwa nini sina nyumba yangu mwenyewe, kwa nini sikai, nilikuwa na jibu ambalo sikuhitaji kulitamka.

Sikuwahi kuitoa fotokopi. Fotokopi moja ni mtu mwingine mmoja. Na kwa fundi sikuipeleka, kwa sababu ya ile desturi: ningeisoma, wangeiomba, na mmoja wao angelala nayo wiki nzima, aguse mafuta ya karanga zangu kwa vidole vyake. Nilikuwa nikiwapa watu hadithi nilizozipenda. Ile niliyoipenda kuliko zote nilimnyima kila mtu.

Lakini sasa palikuwa na yule mama kwenye benchi langu. Nilijiambia: Jumamosi hii. Atasikia kamba inavyopita kwenye goti, ataomba, na nitamwona akiomba.

Jumamosi ilipofika nilivaa shati safi. Nilikuwa na mfuko wa plastiki mapajani na sikunywa chai niliyopewa. Fundi alinitazama, akamtazama mama, akasema, kwa adabu yake ya kizamani, "Wanawake kwanza."

Mama alitoa kijitabu chembamba chenye pini mbili za kutu. Alisafisha koo. Akasoma.

Mwanamke anatoka mchana wa jua kali. Juu ya kichwa chake ana kiti.

Mwanzoni nilidhani ninaota mawazo yangu mwenyewe. Kisha miguu minne ikaelekea mbinguni, kisha soko likafika, na nilijua kila neno sekunde moja kabla yeye hajalisema, kama mtu anayesikia nyayo zake zikimfuata. "Hakiuzwi," alisoma mama kwa sauti yake ya dukani. "Ninakitembeza tu." Akakilaza kijitabu uso chini juu ya meza.

"Naom…" mwalimu alianza.

"Ile iko mwisho!" nilisema. Nilikuwa nimesimama. "Mama, umesoma mwisho!"

Alinitazama juu ya miwani. "Mwisho gani, papa? Ndiyo kwanza ninaanza."

"Mwanamke na kiti sokoni ni mwisho wa hadithi. Uliza mutu yeyote!"

"Niulize nani? Hakuna mutu anaijua hii hadithi." Kisha macho yake yakabadilika. "Weye unaijua?"

Hapo nilipaswa kufurahi, naamini. Miaka yote ile, na hatimaye mtu wa pili duniani. Lakini nilichohisi ni kile anachohisi mume anayekuta mwanamume mwingine amevaa kandambili zake. Nilifungua mfuko, nikamwaga karatasi zangu mezani. Harufu ya karanga ilikuwa bado ipo, kidogo. Fundi aliziinamia na mita yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mafuta haya ya nini, mwanangu?"

Niliwaeleza. Nilipofika kwenye kofia iliyojaa karanga, mwalimu alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani akilia kwa kicheko.

"Tonton alipanga hadithi kwa tumbo! Alikula jalada, akakula namba!"

"Soma ukurasa wako wa kwanza," fundi aliniambia. "Desturi ni desturi."

Nikasoma. Kamba, kisigino, goti. "Usicheke, kiti kitatoka kirefu." Nilipoinua macho, mama alikuwa amevua miwani.

"Ndiyo mwisho hiyo," alisema polepole. "Ndiyo karatasi ya mwisho kabisa."

Kisha walianza kubishana, mwalimu akiwa upande wangu kwa dakika mbili na upande wa mama kwa dakika tatu. Mimi nilikuwa na swali langu.

"Mama, kijitabu ulikitoa wapi?"

"Isangi. Wakati ninaanza biashara nilikuwa ninanunua samaki mukavu kule. Mwenye kuandika alikuwa anapima mizigo ya watu kwenye mizani, hapo kwenye kituo cha maboti. Aliniuzia mwenyewe."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kila safari. Mufupi, mubishi. Shati moja tu."

"Alikuambia nini juu ya kiti?"

"Juu ya kiti hakuniambia kitu. Aliniambia samaki yangu haijakauka."

Hata hilo nililionea wivu. Kama angeniambia mimi kwamba samaki wangu hajakauka, ningelikumbuka hadi kaburini.

"Bon," alisema mwalimu, "mimi naomba. Zote mbili."

"Mimi naomba ya huyu papa," alisema mama, hakumwangalia mwalimu hata kidogo. "Ya karanga."

Fundi alikuna kidevu chake. Alisema mwalimu atangoja, maana bado ana deni la muuguzi wa Buta, na kwamba sisi wawili tubadilishane. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya karatasi. Mama aliunyoosha wake akangoja, kama anavyongoja mteja atafute pesa mfukoni. Nilitaka kusema kwamba hazitoki, kwamba nilizileta kuzionyesha tu. Nililisikia neno lenyewe likinipanda kooni: haziuzwi. Nikaona aibu, nikaachia.

Kijitabu chake nilikisoma siku ya pili mchana, mlangoni kwangu, watu wakitoka kanisani. Nilitaka kisiwe kizuri. Kinaanza na soko, na kutoka pale kinarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa: wageni, kisha barua zisizofika, kisha boti, mpaka kinafika kwa kijana anayempima mke wake goti kwa kamba. Wanacheka. Hawajui kitu. Mimi ninayesoma ninajua kiti kile kitapelekwa wapi, na juu ya kichwa cha nani, na yeye anaambiwa asicheke. Nilikifunga kijitabu. Yule bwana mfupi wa mizani alijua alichokuwa akifanya, na mimi nilikuwa nimemsahihisha kwa miaka yote hii kwa msaada wa mama wa karanga.

Lakini kilichoniuma hakikuwa hicho. Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa ameupata mwisho ule zamani, akiwa hajui, ukamshukia kama ulivyotakiwa kumshukia. Mimi niliufikia nikiwa ninaujua kwa moyo. Na sasa, mahali fulani katika mji huohuo, alikuwa na karatasi zangu, akitembea katika mpangilio wangu kwa mara ya kwanza. Mimi sitakuwa na mara ya kwanza tena, wala katika ule wake wala katika huu wangu. Nimewapendekezea watu hadithi nusu ya maisha yangu, na nilikuwa sijatambua bado kwamba ninayempa hadithi ndiye ninayemwonea wivu.

Jumatatu sikuweza kuvumilia. Nilikwenda dukani kwake. Wapakiaji walikuwa wakifunga katoni za sabuni nyuma ya toleka, na ndani palikuwa na foleni ndogo mbele ya meza. Mama alikaa nyuma kabisa, kati ya magunia, karatasi zangu juu ya mapaja.

"Mama, sukari!" mteja mmoja aliita.

"Ngoja."

"Mama, tangu sana tunangoja!"

"Sukari itakimbia? Ngoja, nimesema."

Sikuingia. Nilisimama pembeni mwa mlango nikimtazama. Alibakiza karatasi mbili. Alikuwa kwa wageni, nilijua kwa doa kubwa la mafuta linalopita katikati. Alitabasamu mahali pa kutabasamu. Akaigeuza ile, akaiweka chini ya nyingine, na hapo akaniona.

"Papa! Ingia. Nani alikuambia iishe kwa soko?"

"Karanga."

Alicheka, lakini kidole chake hakikutoka kwenye karatasi. "Nimefika karibu. Ninaijua hii moja kwa kichwa, lakini sijaisoma nyuma ya zile zingine. Ninaogopa kidogo." Alisema hivyo mbele ya wateja wake wote, bila haya. "Nenda, nitakurudishia Jumamosi."

Nilipaswa kwenda. Boti la Isangi lilikuwa likipakia, na mwenye mizigo alikwisha kunipigia simu. Lakini niliona mkono wake ukiinua ukingo wa karatasi ile, ile ya jua kali na miguu minne, na nikajua siwezi. Nilipita katikati ya wateja, nikaomba radhi kwa yule wa sukari, nikakaa juu ya gunia la chumvi mkabala naye.

"Soma," nilimwambia. "Ninangoja hapa."

Alinitazama juu ya miwani, akasogea kidogo ili mwanga wa mlangoni utufikie wote wawili, akaanza.